Dirisha la Kahawa ya Auleria

Jumamosi saa nane mchana, duka la Bandali pale Temeke lilijaa mpaka watu wa nyuma walisimama juani, wakipitisha chupa zao za mafuta ya taa juu ya vichwa vya wenzao. Makuli walikuwa wametoka bandarini, wake zao wamekuja na vikapu, na kila mtu alikuwa na haraka kuliko mwenziwe. Katikati ya msongamano huo kijana mmoja alisimama bila haraka yoyote, akitazama sakafuni.

Aliitwa Albano. Suruali yake ya kaki ilipigwa pasi ikanyooka kama ubao, penseli iko sikioni, na kwenye ukosi wa shati alichomeka pini mstari mmoja, maana pini ndizo zilizokuwa riziki yake. Kazi yake ilikuwa kupamba madirisha ya duka kubwa la Wazungu kule mjini, Barabara ya Acacia, na mtu wa kazi hiyo hawezi kuingia dukani, hata likiwa duka la chumvi, asianze kulipanga upya kichwani. Sasa alikuwa ameona kikapu kilichosukumwa chini ya meza, kati ya debe la mafuta na gunia la mkaa, kimejaa vifurushi vidogo vya jani kavu la mgomba.

"Bwana Bandali," akauliza, "hiki kinauzwa au kimesahauliwa?"

Bandali, Mhindi aliyezaliwa Bagamoyo na mwenye Kiswahili cha kumshinda Albano wa Songea, hakuinua macho kwenye mizani. "Kinauzwa. Kahawa ya kutafuna, ya Bukoba."

"Hapo kilipo hata panya hatakinunua."

"Panya hakuulizwa," ikasema sauti nyuma yake.

Albano akageuka. Aliyesema alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, gauni la maua ya samawati, kilemba cha manjano kimefungwa kwa ufundi, na macho yasiyoomba radhi.

"Mwenye kikapu ni mie," akasema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kuuza, si wa kunisaidia kucheka."

"Sikucheka, dada. Nimehuzunika."

"Basi kahuzunikie pembeni, watu wapite."

Duka zima likacheka. Wanaosema mapenzi huja polepole hawajawahi kuaibishwa na mwanamke mzuri mbele ya watu thelathini. Albano alisogea pembeni kama alivyoamriwa, akangoja mpaka yule mwanamke amalize kununua sukari yake, kisha akaomba aonje kahawa.

Auleria, ndilo jina lake, akamwekea kifurushi mkononi. Albano akamrudishia amfungulie.

"Hapana. Kwetu mgeni hafunguliwi kahawa. Anapewa kifurushi kizima, anafungua mwenyewe, mwenye nyumba anaona na yeye anaona."

Albano akayasikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye vidole vya Auleria. Akafungua, akatia punje mbili mdomoni, uso ukajikunja wote.

"Chungu!"

"Tafuna, usikimbie."

Akatafuna. Uchungu ukapita, ikabaki harufu ya majani ya porini na moshi kidogo, na ulimi ukataka nyingine. Akamtazama Auleria kwa heshima mpya. "Dada, kitu hiki umekiweka kaburini. Nipe wiki moja na dirisha la Bwana Bandali. Sitaki malipo."

"Mtu asiyetaka malipo anataka nini?"

"Kahawa," akasema Albano, na masikio yakamwaka.

Sasa ijulikane kwa nini Auleria alikubali. Mwanamke wa Bukoba aliyekuwa akikaa mwenyewe Dar es Salaam siku zile alisemwa, hata kama kila asubuhi yuko kanisani. Kaka yake Audax, karani wa bandari, alimpenda dada yake lakini aliogopa zaidi barua za baba yao. Basi wakapatana: Auleria afanye biashara ya kahawa anayotumiwa na shangazi yake, kwa meli mpaka Mwanza na kwa treni mpaka Dar. Ikipata jina jema kufikia Krismasi, abaki mjini. Likitokea jambo moja la aibu, apande treni arudi Kamachumu, na huko alikuwa amekwisha kuwekewa mchumba mwenye meno matatu. Meno hayo matatu Audax hakuyataja. Auleria aliyajua.

Albano alikuja jioni tatu mfululizo kwa baiskeli, kabla jua halijazama. Auleria alikataza katakata jani la mgomba lisiguswe, na Albano hakubishana. Alichofanya ni kukata ukanda mwembamba wa karatasi nyekundu wa kuzunguka kila kifurushi, akaandika kwa mkono wake: Kahawa ya Auleria.

"Jina langu?" akauliza Auleria. "Mbele za watu?"

"Mtu akinunua lazima ajue amwendee nani, kwa sifa au kwa lawama."

"Lawama utapokea wewe."

"Nitapokea," akasema Albano, akicheka.

Dirishani alitandika kaniki nyeusi, na juu yake akaanza kujenga, kwa vifurushi peke yake, bila mti wala msumari, nyumba ya msonge kama zile za Wahaya, ya duara, yenye mlango mdogo mbele. Lakini nyumba ilidai vifurushi mia mbili ili isimame vizuri, na Auleria aliweza kutoa sitini tu vya dirishani, vingine vikibaki rafuni viuzwe. Hapo Albano alifanya kama kila mtu wa kazi yake afanyavyo. Kule mjini makopo ya biskuti ya dirishani yalikuwa matupu, na chupa za manukato zilitiwa chai. Akapita kwa seremala, akajaza mfuko vumbi la mbao, akaokota majani makavu, akafunga vifurushi mia moja na arobaini. Akamwambia Bandali, "Vya dirishani si vya kuuza. Uza vya kwenye rafu." Bandali akaitikia.

Auleria alipokuja asubuhi, alisimama nje ya kioo, mkono mdomoni. Nyumba ya bibi yake ilikuwa imesimama Temeke.

"Albano! Vyote hivyo ni vyangu?"

Hapo ndipo angesema. Sentensi moja ingetosha. Lakini Auleria alikuwa anang'aa, na Albano hakutaka kuuzima uso ule.

"Vyako," akasema.

Nyumba ile iliuza. Watu walisimama kuitazama, wakaingia kuuliza, wakatoka na vifurushi. Mzigo uliofuata ukaisha, na mwingine ukaagizwa. Kila siku saa saba, meneja wake alipokwenda kula, Albano aliinua simu ya duka la mjini, na Bandali akatoka barazani akaita ng'ambo ya barabara, kwenye chumba cha Auleria: "Auleria! Simu! Yule wa pini!"

"Haloo."

"Haloo, ua langu. Nyumba inasimama?"

"Inasimama. Leo wamekuja akina mama watatu wa Kimanyema. Kahawa ya kutafuna hawaijui kabisa, wamenunua kwa kuipenda ile nyumba ya dirishani."

"Na mwenye nyumba hajambo?"

"Mwenye nyumba kaacha ugali jikoni kwa sababu yako."

"Sema unanikumbuka, nikuachie."

"Bwana Bandali anasikiliza."

"Sisikilizi," akasema Bandali kutoka kwenye mizani, "lakini mwambie unamkumbuka, nataka simu yangu."

"Nakukumbuka, mwendawazimu wee," akasema Auleria upesi, akaweka simu, akatoka akitazama chini ili asionekane anavyocheka.

Jumapili baada ya misa walitembea pamoja, Auleria na gauni lake la samawati, Albano akisukuma baiskeli ambayo hakuna aliyeipanda. Audax alitembea nyuma yao kwa hatua ishirini, akajifanya anasoma gazeti. Hata yeye alikwisha kumwandikia baba kwamba biashara ina heshima.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, siku ya Jumamosi, Bandali alikwenda bandarini kutoa mzigo, akamwacha mkewe Fatmabai dukani. Akaja mzee Polikarpo, aliyekuwa akihesabiwa mkubwa wa Wahaya wa mtaa ule. Kesho yake wageni wangekuja kumposa binti yake Benedicta, naye alitaka vifurushi kumi vya Kahawa ya Auleria. Rafu ilikuwa tupu. Fatmabai hakuwa ameambiwa lolote kuhusu dirisha. Akainama, akatoa kumi nyuma ya ile nyumba mahali pasipoonekana, akamfungia vizuri, akamtakia heri.

Jumapili wageni wakaketi. Msemaji wao alikuwa mzee Kamugisha, kanzu nyeupe, koti jeusi, fimbo ya mpingo. Kahawa ikaletwa kwenye sinia, kila mtu na kifurushi chake, wala hakuna aliyemfungulia mwenziwe. Kamugisha akawa wa kwanza. Akavuta ukanda mwekundu, akafungua jani, akamimina kiganjani. Vumbi la mbao likamwagika mpaka kwenye kanzu.

Kamugisha akalipangusa lile vumbi polepole.

"Polikarpo," akasema, "kama hukututaka ungetuandikia."

Akasimama, na waliokuja naye wakasimama. Benedicta alibaki jikoni na gauni lake jipya.

Jumatatu asubuhi mama yake Benedicta alikuja mlangoni kwa Auleria na lile sinia, vifurushi tisa juu yake, na majirani wakatoka kila mmoja na sababu yake ya kutoka.

"Ulijua ni posa ya mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Posa? Karibu ndani, mama, mie—"

"Siingii kwako! Wanawake kama nyie ndio mnaotufanya tusemwe mji huu. Mwanangu amekosa mume kwa ajili ya mbao zako!" Akaliweka sinia chini kwa kishindo, akaondoka akilia.

Auleria alifungua kimoja. Vumbi. Akakitazama kingine bila kukifungua, akaona kamba ya mgomba inayokifunga imepigwa fundo upande wa kulia. Yeye hufunga kushoto, kama alivyofundishwa na shangazi. Akajua ni mikono ya nani. Akavuka barabara bila kilemba, akaomba simu ya Bandali, akamwitisha Albano.

"Ua langu!" ikasema sauti ya Albano. "Leo umeniwahi—"

"Nyumba ile ina vifurushi vyangu vingapi?"

"Sitini," akasema Albano.

"Na vingine?"

"Vumbi la mbao. Auleria, ni desturi ya kazi, vya dirishani haviuzwi, mtu yeyote wa—"

"Nilikuuliza kama vyote ni vyangu?"

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

"Nilikujibu vyako."

"Basi. Usinipigie tena," akasema Auleria, akaiweka simu.

Jioni hiyo Audax alikuja na habari kwamba treni ni Jumapili. Hakufoka. Alisema kwa huzuni tu, na Auleria akaona heri angefoka. Akaanza kukunja nguo.

Albano alipofika dukani, Fatmabai alikuwa anajifuta machozi. "Ni mimi, mwanangu. Mimi niliyevitoa."

Bandali akamvuta Albano pembeni. "Sikiliza. Nitawaambia watu mke wangu alikosea. Mama mtu mzima, nani atamlaumu? Yatakwisha, na wewe kazi yako haitaguswa."

"Mama alichukua kitu kimeandikwa kahawa, dukani, akakiuza kama kahawa," akasema Albano. "Kosa lake liko wapi?"

Jumanne akaenda kwa Polikarpo, akapiga magoti. Polikarpo hakumwambia ainuke, lakini alimsikiliza mpaka mwisho. Jumatano akaenda kwa Kamugisha.

"Nimekuelewa," akasema yule mzee. "Umeniambia mimi, hapa sebuleni kwangu. Lakini Temeke nzima inacheka kwamba nililishwa mbao, na Temeke nzima inamtukana yule binti. Wao nani atawaambia?"

Albano akapiga simu Alhamisi, akapiga Ijumaa.

"Yupo," Bandali akajibu siku zote mbili, "lakini hayupo."

"Basi nakuomba dirisha usiliguse mpaka Jumamosi. Na uwaalike wale wazee wawili."

Jumamosi saa nane, duka likiwa limejaa kama kawaida yake, Albano akaingia ndani ya dirisha kwa magoti, akasukuma kioo cha pembeni, akaita: "Jamani! Naomba mnitazame kidogo!"

Watu wakageuka. Polikarpo alikuwa barazani, na Kamugisha ameegemea fimbo yake. Auleria naye alikuwepo, bila kujua lolote. Alikuja na Audax kununua kamba ya kufungia sanduku, na sasa watu walimziba njia ya kutoka.

"Nyumba hii niliijenga mimi," akasema Albano. "Watu wanasema Auleria amewauzia vumbi la mbao. Si kweli. Vumbi nililitia mimi kwa mikono yangu ili dirisha lionekane limejaa. Yeye mwenyewe nilimdanganya. Aliniuliza, nikamwambia vyote ni vyake. Tazameni."

Akachukua kifurushi cha juu, akafungua, akamwaga. Vumbi. Akachukua cha pili. Vumbi. Mtu akacheka, kisha wengi wakacheka, lakini Albano hakuharakisha. Alifungua kimoja kimoja, na msonge ukashuka safu kwa safu mpaka kaniki yote ikawa kahawia, na nywele zake pia. Kicheko kikachoka chenyewe.

"Hebu, kijana," kuli mmoja akauliza, "na yale makopo ya biskuti kule Acacia?"

Albano akasita. Kwenye lile kundi alikuwemo mpishi wa meneja wake, akimtazama. "Matupu," akajibu.

"Na manukato?"

"Chai."

Jibu hilo lilimfikia meneja kabla ya ibada ya kesho yake, na Jumatatu Albano hakuwa na kazi. Alijua hivyo hata pale alipokuwa akilisema.

Mwisho vikabaki vile sitini katikati ya dirisha, vyenye fundo la kushoto. Albano akavikusanya, akamnyooshea Kamugisha kimoja kwa mikono miwili. Mzee akafungua mwenyewe. Zikamwangukia kiganjani punje nyeusi, kavu, zenye harufu. Akatafuna kwa muda ambao watu wote waliuhesabu kwa pumzi, kisha akampa Polikarpo.

"Hii ndiyo kahawa," akasema. "Binti wa watu hana kosa. Polikarpo, Jumapili ijayo tutarudi kwako, na safari hii utulishe."

Watu wakapiga makofi, na mama yake Benedicta, aliyekuwa nyuma ya mumewe, akapenya mpaka kwa Auleria, akamshika mikono yote miwili.

Duka lilipopungua, Auleria akasogea dirishani. Albano alikuwa bado amepiga magoti mle ndani, akizoa vumbi kwa viganja.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulifurahi mno. Nilikuwa sijawahi kuuona uso kama ule, na ulikuwa kwa ajili yangu. Niliogopa kuupoteza."

"Ungeupata kwa vile sitini, Albano. Sitini vilikuwa vingi kwangu." Machozi yakamtoka, akayaacha. "Nimekasirika na wewe wiki nzima. Na wiki nzima, ikifika saa saba, nimekaa mlangoni nasikilizia simu."

"Nakupenda, Auleria. Nilitaka nikuambie siku nzuri, nimevaa vizuri. Sasa sina kazi, na jina langu Temeke nzima ni vumbi. Siwezi kukuomba unioe nikiwa hivi, lakini nakuomba."

"Mwanamume ndiye anayeoa," akasema Auleria.

"Naona leo nimechanganyikiwa."

Akacheka, ingawa hakutaka. Nyuma yake Audax alikohoa. Mkononi alikuwa bado ameishika ile kamba.

"Auleria, treni ni kesho."

"Kaka, mie siendi."

"Na baba nitamwambia nini? Atasikia. Watu wa Kamachumu wana masikio marefu."

"Hutamwambia wewe. Atamwandikia anayetaka kuoa." Akamgeukia Albano. "Na uandike yote. Baba yangu ukimficha kitu kimoja akakisikia kwa mwingine, ndiyo basi."

"Yote?"

"Yote. Hata meno matatu unaweza kuyataja ukipenda, lakini vumbi kwanza."

Fatmabai akaleta karatasi na wino. Bandali akafuta nafasi kwenye meza kwa kiwiko chake, akawaambia wateja wawili waliokuwa wakingoja chumvi waendelee kungoja. Albano akapangusa mikono kwenye suruali, akaketi juu ya debe, na Auleria akasimama begani kwake aone kila neno. Akaandika:

"Baba, shikamoo. Jina langu ni Albano. Mimi ndiye niliyemfungia mzee Kamugisha vumbi la mbao."